Wana wa Shaba: Katanga na Kiswahili Kilichozaliwa Machimboni

Mwaka jana, katika tafrija moja ya jumuiya yetu hapa Uingereza, alisimama mzee mmoja wa Kikongo kutoa shukrani kwa niaba ya wageni. Akaanza kwa furaha: "Bandugu, tunafurahi kuona batu bengi banakuya leo." Kabla hajafika mbali, kicheko kilisikika kutoka meza za nyuma. Mmoja wetu akasema, tena kwa sauti, kwamba mzee atafutiwe mkalimani. Tukacheka. Mzee naye akacheka kwa adabu, akafupisha maneno yake, akakaa.

Wakati wa chai baadhi yetu tulikwenda kumwomba radhi. Hakuwa na hasira. Alitueleza kwamba alizaliwa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, na kwamba Kiswahili kile tulichokicheka ndiyo lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba. Lugha ya babu, Kiluba cha Kasai, yeye huisikia tu, kuisema vizuri hawezi. "Mwaka 1992 niliambiwa mimi si mtu wa Katanga, nirudi kwetu Kasai, mahali ambapo sikuwahi kupaona," alisema. "Leo naambiwa Kiswahili changu si Kiswahili. Basi nyinyi wenye lugha nielezeni, kwetu ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliondoka pale na deni, na makala haya ni jaribio la kulilipa. Tumesoma, tumeuliza, na tumeona kwamba habari za watu wa Katanga hazitengani na zetu. Shaba ndiyo iliyowakusanya, ndiyo iliyowapa lugha, ndiyo iliyogeuza sura ya ardhi yao, na ndiyo iliyowatawanya hata baadhi yao wakafika huku tuliko. Hebu tuifuate shaba hiyo tangu mwanzo.

Walaji wa shaba

Wengi wetu tukisikia Katanga hudhani kwamba habari zake zilianza na Wabelgiji. La hasha. Shaba ya kule imefuliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu waliochimba kuanzia mwaka 1957 walikuta mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Misalaba hiyo haikuhusiana na Ukristo hata kidogo. Ilikuwa mali na fedha ya wakati wake. Watu walinunulia vitu, walilipia mahari, na marehemu alisindikizwa nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msimu. Mtama ukishavunwa na mvua zikikatika, mafundi na jamaa zao walihamia kwenye vilima vya madini. Wanaume walichimba mashimo, na wanawake na watoto waliokota na kuosha mawe ya kijani yaitwayo malakiti. Matanuri yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yalitoka kwenye miti ya miombo, na mivukuto ya ngozi ikapuliza moto mpaka shaba ikatiririka. Kazi ilikuwa na dawa zake na miiko yake, na siri zake hazikutolewa ovyo. Kuifanya kazi hiyo kuliitwa kula shaba, na mafundi wake wakajulikana kuwa walaji wa shaba.

Walijuaje pa kuchimba? Ardhi iliwaambia. Penye shaba nyingi miti haistawi, kwa hiyo katikati ya pori la miombo unakuta kilima kimekaa kipara, kimefunikwa na nyasi na maua madogo tu. Liko hata ua moja linalovumilia sumu ya shaba kuliko mimea mingi, nalo hadi leo linaitwa ua la shaba. Mwenye macho aliliona akajua chini yake pana nini. Tuikumbuke habari hii ya kilima kipara, kwa maana tutairudia.

Msafara uliotoka kwetu

Sifa za shaba hiyo zilifika mbali. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, walikuwa wakienda Katanga kununua shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao aliitwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Msiri, hakurudi tena kwao. Alibaki, akajenga dola iliyoitwa Garenganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Wafanyabiashara kutoka Pwani yetu na wengine kutoka Angola walifika Bunkeya na bunduki, baruti na nguo, wakaondoka na shaba, pembe na watumwa.

Tusifiche. Dola ile ilisimama kwa bunduki na kwa biashara ya watu, na watu wa Pwani walikuwa na mkono wao humo. Wasanga, waliokuwa wafuaji shaba wa kale wa nchi ile, waliuona uzito wa nira ya Msiri, na mwishoni mwa enzi yake waliasi.

Mwaka 1891 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alituma msafara kuitwaa Katanga kabla Cecil Rhodes hajaitia mkononi. Kiongozi wake alikuwa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Lakini miguu ya msafara ule ilikuwa ya kwetu: mamia ya wapagazi na askari waliochukuliwa Zanzibar na mrima, wakavuka Unyamwezi, wakavuka Ziwa Tanganyika, mpaka Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891, afisa wa msafara huo aitwaye Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, na yeye mwenyewe akauawa katika purukushani ile ile. Njaa na maradhi vikafuata, na wapagazi wengi hawakuiona bahari tena.

Kwa hiyo mfalme aliyepinduliwa asili yake ilikuwa bara ya Tanzania, na waliombeba aliyempindua walitoka Unguja na Bagamoyo. Anayesema kwamba Katanga hatuhusiani nayo, na aanzie hapo.

Dohani na kambi

Muda mfupi baadaye mwanajiolojia Jules Cornet alipita akipima miamba. Utajiri alioukuta ulikuwa mkubwa kiasi kwamba inasimuliwa kuwa aliuita kashfa ya kijiolojia. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika katika mji mpya ulioitwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuri la kampuni likatoa shaba yake ya kwanza.

Sura ya nchi ikaanza kugeuka. Vilima vilivyokuwa alama ya shaba vikakatwa ngazi ngazi mpaka vikawa mashimo. Kando ya mto Lubumbashi likainuka dohani la takriban mita 150, na pembeni yake likakua rundo jeusi la mavi ya shaba, mwaka hadi mwaka, mpaka likawa mlima. Dohani na mlima huo ndiyo nembo ya mji. Wachoraji wa Lubumbashi wamevichora mara zisizohesabika, na mtu wa kule akiwa ugenini akiona picha hiyo ukutani hujua kwamba mwenye nyumba ni wa kwao.

Lakini dohani lilikuwa na moshi. Kwa kuwa upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, moshi wenye salfa na vumbi la madini ulielekea kaskazini-magharibi mwa mji. Miti ikafa, mvua ikasomba udongo, na penye miombo pakabaki ardhi tupu. Eneo la Penga Penga linajulikana kwa hali hiyo hadi leo. Zamani kilima kipara kilimwonyesha fundi kwamba chini yake kuna shaba. Kipara hiki cha pili kinaonyesha kwamba shaba imekwisha pita.

Na watu je? Miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, kwa mikataba ya miezi michache. Makambi yalikuwa machafu na vifo vilikuwa vingi. Katika miaka ya 1920 kampuni ikageukia Kasai, Lomami, Maniema, na kuanzia 1925 Ruanda-Urundi. Ilipofika mwaka 1928 hivi, sera ilibadilika kabisa. Mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu, akaruhusiwa na hata kuhimizwa aje na mke wake. Alipewa nyumba, hospitali, shule ya wamisionari kwa watoto, na posho iliyopimwa kwa kufuata idadi ya watoto nyumbani.

Tusidhani ilikuwa huruma. Kumlea mfanyakazi wa kesho ndani ya kambi kulikuwa na faida kuliko kumtafuta mwingine kila mara. Hata hivyo, kampuni ikajiita baba, na watu wakaizoea kama baba. King'ora chake kiliamsha mji, kililaza mji. Msimamizi wa kambi alijua nani anaumwa, nani amegombana na mkewe, mtoto wa nani hakwenda shule. Wazungu walikaa mji wao, Waafrika mitaa yao, na katikati ukaachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Baba huyo hakula meza moja na watoto wake.

Lugha ya kambi

Sasa fikiria, ndugu msomaji, ukuta mmoja wa nyumba za kambi. Chumba hiki yumo Muluba, kile Mbemba, kinachofuata Mnyarwanda, mwisho kabisa Msanga mwenye nchi yake. Wake zao wanachota maji bomba moja. Wazungumze nini?

Mwanzoni ilitumika lugha ya mchanganyiko iliyopanda na reli kutoka migodi ya Afrika Kusini. Wabelgiji hawakupenda chochote kilichonusa Uingereza, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia mashariki ya Kongo tangu siku za misafara, kikasikika Maniema, kikasikika Bunkeya. Serikali, wamisionari na kampuni wakakichukua kwa shule na kwa kutolea amri. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian ameieleza habari hiyo kwa kirefu, na ameonyesha wazi kwamba wakubwa wale walitaka lugha ya kuamrishia kazi.

Amri peke yake, hata hivyo, haizai lugha. Lugha ile walizaa watoto waliocheza baina ya nyumba za kambi. Wao hawakuwa na Kiswahili cha kitabu wala lugha moja ya mababu. Walichukua kilichokuwapo wakakifanya chao. Watu wakawa batu, wana wakawa bana, ndiyo ikawa njo, na mababu wakaitwa bankambo. Hiyo "ba" tunayoicheka ni kiambishi cha Kiluba na Kibemba, nacho ni ndugu wa damu wa "wa" yetu. Sisi Pwani tulipoyachukua maneno ya Kiarabu, Kireno na Kihindi tukayavika sauti zetu, hatukuambiwa tumeharibu. Mtu wa Lamu ana Kiamu chake, wa Mombasa Kimvita chake, na tunavisifu. Kwa nini basi cha Likasi kiwe kichekesho?

Tena si lugha ya kuamrishwa tu. Mwaka 1953 huko Kolwezi, kwa padri Placide Tempels, wachimbaji na wake zao walianza kukutana kwa maombi na mazungumzo ya ndoa na udugu. Vuguvugu hilo likaenea katika makambi, nalo likaitwa kwa neno letu: Jamaa. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi, walitoa kijitabu cha historia ya mji wao kilichotungwa na André Yav. Kiliandikwa kwa Kiswahili cha pale pale, bila kumwomba mwalimu ruhusa, kikasimulia habari za Msiri, za wakoloni na za kazi kama zilivyokumbukwa na wapishi na madobi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye, mnamo 1973 na 1974, aliichora historia nzima ya nchi yake kwa zaidi ya picha mia moja, akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili hicho hicho.

Na wazee wetu wa Nairobi hawahitaji kukumbushwa gitaa la Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, akakulia Jadotville, yaani Likasi ya leo, na alijiita Mwenda wa Bayeke, ndio wale wale Wayeke wa Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Kenya, vijana wakaiga vidole vyake. Wakati ule hakuna aliyemcheka kwa kuimba Kiswahili cha machimboni. Watu walinyamaza wakasikiliza.

Damu, mabomu na bendera

Shaba ilidai damu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi iliongezeka na bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 mwezi huo, huko Elisabethville, walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa, akiwamo Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao. Siku ile watu walimwona baba upande wake wa pili.

Karibu na Likasi, alikozaliwa mzee wetu, upo mgodi wa Shinkolobwe. Madini yake ya urani yaligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa mabomu ya atomiki ya Marekani ilitoka kwenye shimo hilo. Mji wa Hiroshima uliteketea Agosti 1945, na walioyabeba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni ya nini.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, na fedha za madini zikamwezesha kusimama mpaka Januari 1963. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville Januari 17, 1961. Katika bendera ya nchi ile ya Tshombe ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, ile ile iliyolala makaburini Sanga. Miaka kumi baadaye, Mobutu alipotaka kulifuta jina la Katanga, alichagua jina gani? Mwaka 1971 mkoa ukaitwa Shaba. Neno la Kiswahili likawa jina la nchi, na wenyeji wake wakajiita Bana Shaba. Jina la Katanga lilirudi mwaka 1997, na tangu 2015 mkoa huo umegawanywa mara nne.

Baba alipoondoka

Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha Union Minière, na baada ya muda shirika jipya likaitwa Gécamines. Baba alibadilika jina, nyumba ikabaki ile ile. Posho, hospitali, shule na king'ora viliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 shirika lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Fedha hizo zililisha serikali nzima, na mitambo haikupata mafuta ya kutosha. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000.

Na hapa ndipo tunapomfikia mzee wetu. Nyumba ikikosa chakula, ndugu huanza kuhesabiana. Wanasiasa wa mkoa wakaanza kuhubiri kwamba kuna Mkatanga halisi na kuna mgeni. Wenye asili ya Kasai, ambao mababu zao waliletwa na kampuni yenyewe miaka ya 1920, wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Neno hilo lilisemwa kwa Kiswahili kile kile cha kambi, mdomoni mwa watu waliosoma darasa moja na waliotukanwa. Kuanzia mwaka 1992 mamia ya maelfu walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Walilala vituoni wiki kwa wiki wakingoja treni. Wengi walikufa palepale stesheni au njiani. Wahenga wetu wanasema mtu ni kwao, lakini waliozaliwa kambini walikuwa na kwao kupi zaidi ya kambi?

Waliobaki hawakunusurika na njaa. Mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Wanawake, ambao kampuni iliwafundisha kushona na kutunza nyumba tu, ndio waliookoa jahazi kwa kulima, kuuza makaa na kuchuuza sokoni. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa kiunua mgongo wakaambiwa kwaheri. Wengi walikuwa wanadai zaidi ya walichopewa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kulitaja jambo hilo mwaka 2001 katika jina la kitabu chake, kinachozungumzia Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Ardhi iliyobaki

Baba alipoondoka, watoto waliingia wenyewe shimoni. Maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi kwenye vilima kwa sururu na viroba, sasa wakitafuta kobalti, lile jiwe jeusi linaloingia katika betri za simu na magari ya umeme. Mwaka 2014 ilienea habari kwamba chini ya mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, kuna kobalti. Watu walichimba uani, wakachimba ndani ya vyumba vyao, mashimo yakaenda makumi ya mita. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa. Juni 2019, katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, kifusi kiliwafunika na kuwaua wachimbaji wadogo zaidi ya 40.

Hata mlima mweusi wa Lubumbashi haukuachwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukichotwa na kuyeyushwa upya ili kutoa kobalti iliyotupwa zamani, hivyo nembo ya mji inapungua polepole.

Migodi mikubwa nayo imefufuka mikononi mwa makampuni ya kigeni, na mwaka 2024 Kongo ilitoa takriban tani milioni 3 za shaba, mara nyingi zaidi ya enzi ya Gécamines. Kobalti ya dunia, takriban asilimia 70 hutoka huko. Malori yanayobeba mali hiyo hupita Kasumbalesa, huvuka Zambia, huingia Tunduma, na mengi hushusha Dar es Salaam. Shaba bado inatafuta bahari ya kwetu, kama siku za Kalasa. Huenda simu uliyonayo mfukoni ina punje ya Kolwezi ndani yake.

Jibu letu kwa mzee

Ndugu wasomaji, tumeona kampuni tatu au nne zikija na kuondoka. Tumeona mkoa ukibadilishwa jina mara mbili kisha ukakatwa vipande. Tumeona vilima vikigeuzwa mashimo, na mashimo yakigeuzwa mitaa, na mitaa ikigeuzwa mashimo tena. Katika yote hayo, kitu ambacho watu wa kambi walikitengeneza wenyewe, na ambacho hakuna aliyeweza kukitaifisha wala kukiuza, ni Kiswahili chao. Waliofukuzwa waliondoka nacho ndani ya treni. Mzee wetu alikuja nacho mpaka hapa, akasimama mbele yetu akakitumia kutushukuru.

Mwaka 2021 Shirika la UNESCO lilitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sote tulishangilia, tukasema lugha yetu imekua. Vijana wetu nao hawajasahau jinsi Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alivyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Siku ile tulisema Mazembe ni yetu. Haiwezekani tuwahesabu wasemaji wa Kongo tunapojigamba kwa idadi, tuwashangilie wanapofunga mabao, kisha tuwacheke wanapofungua midomo.

Tulipomtembelea mzee nyumbani kwake mwezi uliopita, tulimwambia kwamba hatuwezi kumrudishia Likasi. Tulimwomba jambo moja tu: katika tafrija ijayo asimame tena, asimulie historia ya kambi aliyozaliwa, kwa Kiswahili chake, na asifupishe. Alinyamaza kidogo, akatazama picha ya dohani iliyoko ukutani kwake, kisha akauliza kama wale wa meza za nyuma watakuwapo. Tukamwambia watakuwapo, na sisi ni miongoni mwao.

Amekubali. Tunawaomba nyote mfike mapema, na mje na watoto.